Yeye Ndani ya Gari, Mimi na Mpira wa Maji

Machi 9, Jumatatu

Mvua imeanza. Na mimi nimeanza kuandika, kwa amri ya mke wangu, ambaye amesema nitafute kazi nyingine ya jioni badala ya kuongea, yeye anataka kusikiliza mvua. Nikamwambia mvua haina jipya. Akasema na mimi sina, lakini mvua angalau hainywi chai yake. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, mimi na marehemu baba tulikuwa tunasimulia tofauti. Kwa hiyo asomaye asinisahihishe.

Kazi yetu ni milango ya magari. Injini sizijui na sizitaki, zinapiga kelele kuliko mimi. Mimi ni vitasa, bawaba, kamba za boneti, mipira ya milango, na mahali maji yanapoingilia. Kiangazi watu wananisahau. Mvua ikinyesha wanakuja wenyewe, viatu mkononi.

Gari likivuja huwezi kulijua kwa kulitazama nje. Mtu mmoja anaingia ndani, anafunga milango na vioo vyote, anakaa na tochi na kipande cha chaki. Mwingine anabaki nje na mpira wa maji, anamwaga pole pole kuanzia chini kwenda juu. Wa ndani akiona tone, anagonga kioo na kuweka alama ya chaki. Wa ndani ni mke wangu. Wa nje ni mimi. Tumefanya hivyo tangu binti yetu ana meno mawili. Mke wangu ni mwembamba, anaingia hata chini ya dashibodi, na anaona tone kabla halijaamua kudondoka.

Machi 11

Vitasa tu leo. Mama mmoja kaja na gari ambalo ufunguo unaingia na kugoma kuzunguka. Kaumwagia mafuta ya kupikia. Nikamweleza kwamba mafuta yanakamata vumbi, ndani kunakuwa uji, na kwamba kitasa cha ufunguo kinataka unga mkavu wa penseli. Akasema yeye nyumbani kwake kila kinachokwama anakimwagia mafuta. Nikamwuliza mumewe akikwama anamfanyaje. Mke wangu akakohoa kule ndani, kile kikohozi chake cha kunifunga mdomo. Mteja alicheka. Kikohozi hakikucheka.

Machi 14, Jumamosi

Kaja dereva wa teksi tunayemwita Redio, kwa sababu huwezi kumzima. Teksi yake inajaa maji miguuni pa abiria wa mbele. Mke wangu akaingia, mimi nikamwaga. Akagonga, akaweka alama chini ya mpira wa mlango wa kushoto. Nikabadilisha mpira mzima, nikapaka silikoni, nikatia grisi bawaba kwa kuwa zilikuwa zinalia kama mbuzi. Redio kaondoka anasifu.

Machi 19

Redio karudi, hasifu tena. Abiria wake jana alishuka na soksi zinachuruzika. Nikamwambia labda abiria ndiye aliyevuja. Tukarudia kazi. Safari hii alama ya chaki ikawa juu, karibu na bawaba. Nikaziba. Sehemu yenyewe ilikuwa kavu kama biskuti, lakini mke wangu hajawahi kukosea, nikaziba.

Machi 21

Mvua kutwa. Nimetia grisi bawaba za geti letu, kwa kukosa la kufanya.

Machi 26, Alhamisi

Leo gari jekundu la mwuguzi, linalovuja juu, kwenye dirisha la paa. Mke wangu ndani, mimi nje. Nilipofika upande wake nikainama kumchungulia. Alikuwa anapitisha tochi kwenye paa taratibu, kona kwa kona, uso umekaza kama mkaguzi. Tochi ilikuwa haiwaki.

Nikadhani amesahau kubonyeza. Nikangoja. Akaendelea kumulika na tochi iliyokufa, na kwa mkono wa pili anapapasa kitambaa cha paa, kiganja wazi, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akapata unyevu. Akagonga kioo. Akachora alama, na tone likadondoka pembeni ya ile alama, mbali kidogo, akawa hana habari nalo.

Nilisimama pale hadi nikajaza maji viatu vyangu mwenyewe. Kisha nikafunga bomba, nikamfungulia mlango, na sikusema kitu. Mimi. Alipoingia ndani kupika, nikatafuta lilipotokea tone nikaziba hapo.

Machi 27

Nimeweka betri mpya kwenye tochi. Hajasema. Na mimi sijasema.

Aprili 2

Sasa naona kila kitu, na kinanikera kwamba kilikuwepo siku zote. Sindano anampa binti yetu amtungie uzi. Chai anamimina kidole chake kikiwa ukingoni mwa kikombe, ili ajue kimejaa. Juzi aliliamkia ovaroli langu lililotundikwa mlangoni, akaliambia lioge lisije likalala na grisi. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nikaenda kuoga kimya kimya, nikarudi, nikasema nimeoga. Akasema vizuri, leo umekuwa msikivu.

Kila gari analokagua nalikagua upya akishaondoka. Wateja wanafurahi. Mimi mgongo unaniua.

Usiku wakati wa kula akaweka kijiko chini, akaniuliza, "Mbona hunitanii siku hizi? Kuna mtu kafa?"

Nikasema nimechoka na mvua. Akasema mvua haijawahi kukuchosha mdomo.

Aprili 6, Jumatatu

Binti yetu ni fundi cherehani, na uongo wake huwa umeshonwa vizuri kama nguo zake. Alimwambia mama yake waende wakachague vitambaa, akampeleka kliniki ya macho. Wamerudi mchana, hakuna kitambaa, na hakuna anayezungumza na mwenzake.

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Daktari anasema anaweza kulipasua la kulia kwanza, kisha la kushoto mvua zikiisha. Akingoja sana atafika mahali pa kuona mwanga tu na kivuli. Mke wangu amekataa. Kamwambia daktari asante, kama mtu anayekataa kuongezewa wali.

Nikajaribu utani, maana alikuwa ameuulizia. Nikasema tumezaa watoto watatu kwa jasho, na huyu wa nne amekuja bila hata kunihusisha. Hakucheka. Akasema, "Mzee, kile kidogo ninachokiona ndicho nilicho nacho. Wakikosea, sina tena hata hicho." Akaenda kukunja nguo. Binti yetu alilia jikoni, kamasi anapangusia mkanda wa kupimia. Nikampa kitambaa changu, kina oili, akasema Baba na wewe, akalia zaidi.

Aprili 7

Hataki.

Aprili 9

Hataki. Na Redio amerudi tena na teksi. "Shikamoo mzee, nimekuletea bwawa lako." Nimemwambia aliache hadi Jumatatu.

Aprili 13, Jumatatu

Leo nitaandika ndefu, hata mkono ukichoka.

Teksi iko chini ya mabati yetu, nusu yake inanyeshewa, nimeiegesha hivyo makusudi, maana mvua ilikuwa kubwa hata mpira wa maji haukuhitajika. Redio kavuka barabara kunywa chai. Tulimsikia anavyokunywa.

Ili kueleweka lazima nieleze milango ya gari lile. Ya nyuma ina ile kufuli ya watoto, haifunguki kwa ndani. Wa dereva mkono wake wa ndani ulikatika zamani, Redio hushusha kioo akatoa mkono nje kufungua. Vioo ni vya umeme, na betri nilikuwa nimeichomoa kwa sababu honi ikilowa inajilia yenyewe. Na wa abiria, alipokaa mke wangu, nilikuwa nimeubandua ubao wa ndani ili nizibue matundu ya chini ya kutolea maji na kukipa kitasa grisi. Mkono wa kufungulia nimeutoa. Kimebaki kitasa kiko uchi, na waya wake.

Kwa kuwa sikuwa na cha kumwaga, nikaingia upande wa dereva nimsaidie kutafuta. Nikavuta mlango ukafunga. Kwa mazoea tu, na hilo ni kosa la kweli. Lililofuata si kosa. Nilitazama kile kitasa kilicho wazi, nikajua kwamba ukiuvuta ule waya kwa kidole mlango unafunguka. Nikajaribu mlango wangu mbovu kwa kelele nyingi, nikasema, "Tumefungwa."

"Fundi vitasa," akasema mke wangu.

"Usimwambie mtu."

"Nitamwambia Redio tu."

Basi tukakaa. Mvua ilikuwa inapiga bati na paa la gari kwa pamoja, ukitaka kusikika lazima umsogelee mtu. Nikamsogelea. Nikamwambia kwamba tangu lile gari la mwuguzi nimekuwa nakagua upya kazi yake. Nilidhani atakasirika. Akasema anajua. Anaweka chaki hapa, kesho yake anasikia harufu ya silikoni kule. Macho ndiyo yamechakaa, akasema, pua bado ni ya msichana.

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Na wewe mbona hukusema? Wewe ambaye hujanyamaza hata msibani."

Akaanza kuongea mwenyewe, uso ameuelekeza kwenye kioo cha mbele, ingawa najua alikuwa anaona weupe wa maziwa tu. Alisema hiki kinachobaki kinamtosha kujua mlango uko wapi, jiko liko wapi, na mimi niko wapi, maana mimi natembea na harufu. Akipasuliwa vibaya atakuwa mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Alisema nitamvumilia wiki moja.

"Mbili," nikasema.

Akanipiga begani, lakini polepole. Kisha akageuka. "Mtoto anataka nipasuliwe. Daktari anataka. Wewe hujasema. Unataka nini? Jibu kama mtu, usijibu kama wewe."

Nilikuwa na majibu ya akili. Nilitaka kumwambia kwamba daktari yule amewapasua wengi, kwamba binti yetu ameulizia, kwamba kliniki ni safi. Yote yakanikimbia.

"Nataka unione nikikukonyeza," nikasema.

"Ukinikonyeza lini?"

"Ukiwa ndani ya gari na mimi nje. Nikifika kwenye kioo chako huwa nakukonyeza. Zamani ulikuwa unanitolea ulimi."

Mvua ikapiga. Akauliza, "Msimu huu pia?"

"Kila gari."

"Hata lile la mwuguzi?"

"Lile mara mbili."

Akatazama magoti yake. Alisema alidhani nimemchoka. Alikuwa anaona kivuli kinafika kwenye kioo, kinasimama, kinaondoka, akasema moyoni basi, tumefika huko, anapita tu kama mtu anayemwagilia bustani. Alikuwa amekaa na wazo hilo tangu mvua ya kwanza, na ananipikia, na anakunja maovaroli yangu. Nilitaka kumshika mkono, nikakuta nimeshaushika.

Kisha akavua kandambili, akatandaza miguu sakafuni, akachezesha vidole.

"Haya maji hayatoki mlangoni," akasema. "Yananijia kutoka mbele. Yanashuka nyuma ya dashibodi."

Halafu, huku bado anafikiria yale maji, akapenyeza mkono kwenye mlango ulio uchi, hakupapasa hata kidogo, akaukuta waya akauvuta. Mlango ukafunguka. Mvua ikatuingilia yote.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu ulipoanza kutikisa huo mlango wako."

"Mbona hukufungua?"

"Nilitaka kusikia utasema nini." Akateremka, akaingia ndani ya nyumba peku, akiniachia kandambili zake nimbebee.

Nikafungua boneti. Chini ya waipa, kwenye mfereji unaokusanya maji ya kioo cha mbele, kulikuwa na majani yaliyooza, konzi kwa konzi, na matundu ya kutolea maji yamezibwa kabisa. Maji yakikosa njia ya nje yanaingia kwa abiria. Redio anaegesha chini ya mti kila siku, na mimi nimeshampa mpira mpya, silikoni mara mbili, na matusi, vyote bure. Alipotoka chai nikampa majani yake ayapeleke alikoyatoa.

Aprili 14

Asubuhi mke wangu kampigia simu binti yetu. Kamwambia amwulize yule daktari kama ana nafasi, na amwulize haraka kabla hajabadili mawazo. Kisha akaosha vyombo vyote, hata visafi.

Aprili 20

Teksi ni kavu. Redio amekuja kusema hivyo, na amebaki mpaka mchana akisema hivyo.

Alipopata pumzi nikamwomba msaada. Mke wangu hagusi kazi mpaka apasuliwe, kwa hiyo gari la leo nimeingia mimi ndani, Redio akashika mpira. Nilimwambia aanze chini kwenda juu. Akaanza juu, maana juu ndiko kunakopendeza. Lakini nimejifunza jambo. Mle ndani ni baridi, kioo kinapata ukungu wa pumzi zako, shingo inakakamaa, na mtu wa nje anaonekana kama mjinga anayechezesha mdomo. Husikii hata neno. Miaka yote ile nikimwaga maji nilikuwa namsimulia vichekesho, vile vizuri kabisa, nikiona anacheka. Nimemwuliza jioni alikuwa anachekea nini. Akasema, "Mdomo wako."

Aprili 26, Jumapili

Kesho. Binti yetu amelala hapa. Tumekula mapema. Mke wangu amenitazama kwa ukaribu sana, pua kwa pua, kama anayesoma bei ya kitu. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema anaweka akiba.

Aprili 27

Amepasuliwa. Anasema haikuuma, ila daktari alikuwa anaimba, na haimbi vizuri. Jicho lina bandeji. Analala. Nimekaa hapa nasikiliza mvua. Kweli haina jipya, lakini nimeisikiliza.

Aprili 28

Bandeji imetolewa. Ameona ukungu. Daktari anasema wengine huwa hivyo, jicho limevimba, tutie dawa na tungoje. Njia nzima hakusema kitu. Mimi nilisema mengi mno.

Aprili 29

Ukungu.

Aprili 30

Ukungu. Dawa naitia mimi, ananishika kifundo cha mkono kunielekeza. Leo aliniambia, "Hata ikiwa hivi hivi, usimlaumu mtoto." Nikamwambia sitamlaumu. Nikaenda karakana nikafungua kitasa kizima kabisa, nikakisafisha, nikakirudisha.

Mei 2

Binti yetu ameuliza kwenye simu hali ikoje. Nikasema njema. Akasema, "Baba." Nikasema ukungu. Tukabaki wote tumeshika simu.

Mei 4

Amesema ule ukungu leo una rangi. Hakutaka kuongeza neno, na mimi sikuuliza, niliogopa kuutikisa.

Mei 6, Jumatano

Redio alikuja kutuchukua, akasema hataki nauli mpaka meno yake yaliyong'oka yaote upya. Niliketi nyuma.

Kliniki wana ubao wa herufi ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Daktari akamfunika jicho la kushoto. Mke wangu akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, ule mstari wa nne mimi mwenyewe siuoni, akausoma kama anasoma jina lake. Akasoma wa mwisho, akakosea herufi moja, akarudi akaisahihisha. Daktari akasema vizuri sana mama. Mke wangu alikuwa amegeuka ananitazama mimi.

Alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimevaa shati safi na sikujua mikono niiweke wapi.

"Nywele zimekwenda wapi?" akasema.

"Ziliondoka mwaka juzi."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unaona."

Akaja akanipapasa kichwa, hapo mbele ya daktari, kwa kiganja kile kile cha kutafutia unyevu. Nikakonyeza kwa haraka, daktari asione. Akaona. Alinitolea ulimi, mama wa watu wazima, kliniki.

Kurudi alikaa mbele. Redio akaanza hadithi ya abiria mmoja, akafika katikati, akanyamaza mwenyewe, na hilo halijawahi kutokea. Kwa sababu mke wangu alikuwa anasoma. Alisoma kila kibao tulichokipita. Duka la vipuri, uliza ndani. Tunakodisha viti. Usitupe taka hapa. Saluni, karibuni wote. Geti hili halifungwi, mbwa ni mkali. Alisoma kwa sauti ya kawaida, bila haraka, akimaliza kimoja anageuza shingo kutafuta kingine, na vile vilivyopita kwa kasi akamwambia Redio apunguze mwendo. Madereva wa nyuma walipiga honi. Redio akatoa mkono dirishani akawaambia wangoje, mama anasoma.

Tulipofika kona ya kwetu, paa la karakana linaonekana, akamgusa Redio mkononi. Akamwambia asikate kona, azunguke kwa barabara ya nyuma, ya huku ameshaimaliza kuisoma.